Namna ya Kuusoma Mfululizo wa The Lunar Chronicles Ukaufaidi

Mfululizo wa The Lunar Chronicles wa mwandishi Mmarekani Marissa Meyer umejengwa juu ya ngano nne: Cinderella, Kofia Nyekundu, Rapunzel na Snow White. Ngano hizo zimehamishiwa katika zama zijazo, baada ya Vita vya Nne vya Dunia, wakati mwezini wanaishi watu wenye malkia wao, na duniani kuna tauni inayoua bila kuchagua. Ni riwaya za vijana, lugha yake nyepesi na matukio yake ya mbio. Hata hivyo wapo wengi wanaouanza wakaishia njiani, na mara nyingi ni kwa moja ya sababu mbili: walianza na kitabu kisichofaa kuanziwa, au walisoma wakingojea kushtukizwa.

Hiyo ya pili ndiyo yenye uzito. Siri kubwa ya kitabu cha kwanza msomaji makini huinusa mapema, na mwandishi mwenyewe haifichi kwa bidii. Ukisoma kama mtu anayemsaka muuaji katika riwaya ya upelelezi utaona umepunjwa. Soma kama anayesikiliza ngano barazani: tangu "Paukwa!" anajua sungura hatashindwa, na bado hatoki alipoketi, kwa kuwa anataka kujua leo fisi atapatikana kwa hila ipi. Utamu wa mfululizo huu uko hapo. Unajua kiatu kitavuliwa. Hujui ni kiatu cha namna gani, wala kwa nini kuvuliwa kwake ni balaa.

Mwongozo huu hausemi nani anakufa wala mambo yanaishaje. Unagusa tu yale yanayojitokeza mwanzoni mwa kila kitabu, na vitu vichache vilivyotoka moja kwa moja kwenye ngano.

Mpangilio wa kusoma

Fuata mwaka wa kuchapishwa:

1. Cinder (2012)
2. Scarlet (2013)
3. Cress (2014)
4. Fairest (Januari 2015), kitabu chembamba kuhusu ujana wa Levana, malkia wa mwezini
5. Winter (Novemba 2015)
6. Stars Above (2016), hadithi fupi tisa
7. Wires and Nerve, juzuu mbili za katuni (2017 na 2018)

Kuna wanaoshauri kufuata wakati wa matukio, yaani uanze na Fairest kwa sababu yaliyomo yametokea kabla ya Cinder. Usiwasikilize. Fairest inamwonyesha Levana akiwa msichana aliyejeruhiwa, anayetamani kupendwa. Ukimjua hivyo kwanza, hutamwogopa atakapotua duniani katika Cinder, na bila hofu hiyo nusu ya kitabu inalegea. Baya zaidi, Fairest inataja wazi jambo ambalo Cinder na Scarlet vinalikusanya kidogo kidogo. Mahali pake ni baada ya Cress: umeshamchukia malkia vya kutosha, ndipo unapewa sababu zake, na unaingia Winter ukiwa na moyo uliogawanyika. Mwandishi aliitoa Fairest takriban miezi kumi kabla ya Winter, na ukisoma kwa mpangilio huo unaona kwa nini.

Stars Above ndiyo inayowatega wengi, maana hadithi zake nyingi zinasimulia ya zamani na mtu hudhani ni utangulizi. Ya kwanza, "The Keeper", inafungua siri za vitabu viwili vya mwanzo kwa mpigo. "The Queen's Army" inamfichua mtu ambaye Scarlet inakutaka umtilie shaka. "Something Old, Something New" inatokea baada ya yote, basi usiiguse kabla ya kumaliza Winter. Ukishindwa kabisa kusubiri, zipo unazoweza kuonja mapema bila hasara: "The Little Android", iliyochukua mbegu ya ngano ya nguva mdogo, na "The Mechanic", inayomwonyesha Kai, mwana wa mfalme, siku ya kwanza anapokutana na Cinder, msichana wa kitabu cha kwanza. Hizo mbili zisome ukishamaliza Cinder. Zilizobaki ziache zingoje.

Wires and Nerve ni ya anayempenda Iko, yule androidi (roboti) mwenye maneno mengi. Kama humpendi, hujakosa kitu cha lazima.

Soma ngano kwanza, tena ile ya kale

Hatua hii watu huiruka wakisema, "Cinderella naijua." Wanayoijua ni ya filamu za katuni. Mfululizo huu umechota kwenye maandishi ya zamani, hasa ya ndugu wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walioanza kuchapisha mkusanyiko wao mwaka 1812 na kuurekebisha hadi toleo la 1857. Kila moja ya riwaya nne kuu imegawanywa katika sehemu, na mwanzo wa sehemu kuna dondoo fupi kutoka kwenye ngano. Aliyeisoma ngano nzima analipokea dondoo lile kama onyo. Asiyeisoma analiona pambo.

Tafsiri ya Kiingereza ya Margaret Hunt ya mwaka 1884 inapatikana bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Katika mkusanyiko wa Grimm ngano zina namba: Cinderella ni 21, Kofia Nyekundu 26, Rapunzel 12 na Snow White 53. Hakuna inayokula zaidi ya nusu saa. Usizisome zote kwa pamoja. Soma moja usiku wa kuamkia riwaya yake, ikiwa bado mbichi kichwani.

Ukimaliza, chukua karatasi nusu ukubwa wa ukurasa, ile utakayoitumia kuweka alama kitabuni, uandike mifupa ya ngano: vitu sita hadi vinane ambavyo ukivitoa ngano haisimami, au vile vya ajabu vinavyogoma kutoka akilini. Kisha kila unapokutana na kimoja ndani ya riwaya, weka herufi mbele yake: B kama kimebaki kilivyo, G kama kimegeuzwa, T kama mwandishi amekitupa. Usitie alama kwa kukisia. Subiri hadi kitokee. Vya G ndivyo vya kutafakari, kwani hapo ndipo mwandishi amefanya kazi.

Mifupa ya Cinderella ya Grimm ni hii: mama aliyekufa, mti juu ya kaburi, njiwa, dengu zilizomwagwa jivuni, ngoma ya siku tatu, lami iliyopakwa ngazini ili kiatu kinase, na dada waliojikata kidole na kisigino ili kiatu kiwatoshe. Ongeza vitatu vya Charles Perrault, Mfaransa aliyeichapisha yake mwaka 1697: boga lililogeuka gari, saa sita ya usiku, na kiatu cha kioo.

Ipo na ya tatu unayopaswa kuijua. China ina hadithi ya Ye Xian, iliyoandikwa na Duan Chengshi katika karne ya 9, zaidi ya miaka 800 kabla ya Perrault. Ndani yake msichana anayeteswa na mama wa kambo anafuga samaki, samaki anauawa, mifupa yake inampa mavazi na viatu vya dhahabu, kiatu kimoja kinapotea, nacho ni kidogo mno kwa kila mwanamke anayekijaribu. Ukishaijua hiyo, hutauliza tena kwa nini Cinder inatokea New Beijing wakati wengi wetu tumezoea kasri la Ulaya. Na ukurasa wa mwanzo kabisa, fundi msichana anapohangaika sokoni kuondoa mguu wa chuma uliokuwa mdogo kwake kwa miaka, utajua umeingia mlango gani.

Kitabu kwa kitabu

*Cinder.* Linh Cinder ni fundi mitambo na ni saiborgi: mkono, mguu na sehemu nyingine za mwili, jumla asilimia 36.28, si za kuzaliwa. Kisheria ni mali ya mlezi wake. Shikilia jambo hilo la sheria unaposoma, kwani ndilo linalochukua nafasi ya jivu na sakafu ya jikoni. Katika ngano msichana anadharauliwa kwa uchafu. Hapa anadharauliwa kwa kile alichoundwa nacho, na hata tauni inapohitaji watu wa kufanyiwa majaribio, saiborgi ndio wanaochukuliwa kwa bahati nasibu. Ndani ya jicho lake kuna taa ndogo ya rangi ya machungwa inayowaka mtu akidanganya. Kila inapowaka, na kila inapopaswa kuwaka isiwake, simama kidogo. Gari la boga nalo lipo, halifichiki; utalikuta jalalani.

Kosa la kawaida hapa ni kutegemea mwisho wa ngano. Cinder haifungi, inakatika mambo yakiwa yamechacha. Basi usiianze bila kuwa na Scarlet karibu, kwani hamu ikipoa miezi miwili huwa vigumu kurudi.

*Scarlet.* Hapa ndipo wanapoachia wengi, na wanaachia katika kurasa mia za mwanzo. Umetoka New Beijing moyo juu, ghafla uko Rieux, kusini mwa Ufaransa, na msichana usiyemjua anapeleka mboga kwenye mgahawa huku akiuliza mbona polisi wameacha kumtafuta bibi yake aliyepotea zaidi ya wiki mbili. Unamtaka Cinder, unapewa nyanya. Vumilia: Cinder yumo, sura zake zinapishana na za Scarlet, na njia zao zina pa kukutania. Usiruke sura za Ufaransa ili kumfuata Cinder, maana anachokitafuta Cinder kiko huko huko Ufaransa.

Kabla ya hapo soma matoleo mawili ya Kofia Nyekundu. Kwa Perrault mbwa mwitu anamla msichana, basi, imekwisha, hakuna mwokozi. Kwa Grimm anakuja mwindaji, anapasua tumbo, bibi na mjukuu wanatoka wazima, na mnyama anajazwa mawe. Watu husahau kwamba Grimm wana kipande cha pili: mbwa mwitu mwingine anakuja, na safari hii bibi na mjukuu wanamwangamiza wenyewe kwa akili, bila mwindaji. Riwaya inacheza katikati ya miisho hiyo mitatu. Kuna kijana anayeitwa Wolf, mpiganaji wa mitaani, na swali lako la kurasa mia mbili ni moja tu: huyu yuko kwenye ngano ipi? Bibi naye si kikongwe cha kulala kitandani akisubiri keki. Alikuwa rubani.

*Cress.* Kwangu hiki ndicho kilichosukwa vizuri kuliko vyote, na ndicho kinachomlipa zaidi aliyesoma ngano. Mnara usio na mlango umekuwa setilaiti. Msichana amefungiwa humo miaka saba bila mkasi, na kazi yake ni kudukua mitambo kwa niaba ya wanaomtesa. Mifupa ya Rapunzel ya Grimm: mmea ulioibwa bustanini, mchawi anayemchukua mtoto, nywele, mnara, mwana wa mfalme anayeangukia miiba na kupofuka, jangwa, na machozi yanayorudisha macho. Mmea wenyewe kwa Kiingereza ni rampion. Tazama jina la chombo cha angani wanachosafiria mashujaa wetu. Tazama pia jina la nahodha wake, Thorne. Karatasi ya Cress ikijaa herufi G, usishangae.

Ukifika kurasa za mwanzo za Cress, rudi Cinder utafute msichana anayezungumza kupitia skrini. Ni dakika mbili tu, na zinabadilisha kitabu kizima cha kwanza.

*Fairest.* Kisome mfululizo, usikikatekate. Hakina mtu wa kumshangilia, na hapo ndipo kilipo kizuri. Kumbuka kanuni moja: uwezo wa watu wa mwezini wa kujigeuza sura machoni pa wengine haudanganyi kioo. Ndiyo maana malkia huyu, tofauti na yule wa ngano anayekihoji kioo kila siku, havitaki vioo machoni pake.

*Winter.* Kina zaidi ya kurasa 800. Kimegawanywa katika sehemu tano. Zichukulie kama vitabu vitano vidogo, na mwisho wa kila sehemu pumzika siku moja. Wanaokisoma kwa mkupuo huchoka kwenye robo ya tatu, palipo na mipango mingi, mateka wengi na kukimbia kwingi, kisha wanapitia mwisho juu juu. Na kweli kitabu kingepungua kurasa mia pasingeharibika kitu.

Binti Winter ni mtoto wa kambo wa Levana. Amekataa kutumia uwezo wake, na kukataa huko kunamtia wazimu: anaona damu ikitiririka kutani, anaona mwili wake ukiganda barafu. Mifupa ya Snow White: mwindaji aliyeamriwa kuua, mapafu na ini kama ushahidi, nyumba ya wadogo walio wengi, kikongwe anayekuja mara tatu (kwa mkanda wa kiunoni, kwa kitana, kwa tunda), jeneza la kioo, na viatu vya chuma vilivyopashwa moto. Jambo la kulifahamu: katika toleo la kwanza la Grimm, la 1812, malkia mwovu alikuwa mama mzazi wa msichana, akageuzwa mama wa kambo katika toleo la 1819. Soma Winter ukijiuliza ni wanawake wangapi humo wanasimama mahali pa mama, na yupi kati yao anapasimamia vizuri.

Maneno yatakayokusumbua

Kiingereza chake si kigumu kwa aliyemaliza sekondari, ila kuna maneno ya kubuni, na mengine yaliyopewa maana mpya, ambayo kamusi haitakusaidia. Yaandike nyuma ya karatasi yako ya alama. "Earthen" ni mtu wa dunia, "Lunar" ni wa mwezini. "Glamour" ni ile sura ya uongo ambayo Lunar anamvika mtazamaji, na "bioelectricity" ndiyo nguvu ya mwili anayoichezea kufanya hivyo. "Shell" ni Lunar aliyezaliwa bila uwezo huo; hawezi kudanganya wala hadanganyiki, na kwa hiyo malkia anamwona hatari. "Thaumaturge", linalotamkwa karibu na thomatej, ni afisa wa malkia aliyebobea katika kutawala akili za wengine. Rangi ya koti lake inaonyesha cheo. "Letumosis" ni ile tauni, "portscreen" ni simu yao, "hover" ni gari lisilogusa ardhi.

Katika New Beijing ukoo hutangulia jina: Linh ni ukoo, Cinder ni jina. Viambishi kama -mèi na -jiě vinavyobandikwa baada ya ukoo ni vya heshima kwa mwanamke mdogo na mkubwa, kama sisi tunavyomwita mtu dada hata kama si ndugu. Usivipite. Angalia nani anampa Cinder kiambishi hicho na nani anamnyima.

Majina ya watu nayo hukanganya kuanzia Cress. Dawa ni kuwaandika wawili wawili: Cinder na Kai, Scarlet na Wolf, Cress na Thorne, Winter na Jacin. Hilo si kuvujisha siri. Kila ngano huja na mtu wake, na shaka iko kwenye kama watafika.

Mwendo

Kurasa 30 kwa siku zinatosha. Kwa mwendo huo Cinder inachukua wiki mbili kasoro, Scarlet wiki mbili, Cress siku 18 hadi 20, Fairest wiki moja, Winter karibu mwezi ukihesabu mapumziko. Jumla ni takriban miezi mitatu. Mwanafunzi mwenye likizo ndefu ya Novemba na Desemba akisoma kurasa 60 kwa siku anavimaliza vitano kabla shule haijafunguliwa, mradi avipate vyote kabla ya kuanza.

Hapo kwenye kuvipata ndipo penye kazi. Kwa wauza vitabu vya mtumba kinachoonekana zaidi huwa kitabu cha kwanza, nacho bila wenzake ni hasara. Kabla ya kulipa, fungua kurasa za mwisho uhakikishe hazijanyofoka, kisha ulizia Scarlet na Cress hapo hapo. Usisome maelezo ya jalada la nyuma la kitabu cha pili kama hujamaliza cha kwanza: yanasema mapema mno Cinder yuko wapi. Tahadhari hiyo hiyo ni ya kurasa za mashabiki mtandaoni. Ukitafuta jina la mhusika ili kujua linaandikwaje, sentensi ya kwanza itakumwagia kila kitu. Matoleo mengine yana sura ya kwanza ya kitabu kinachofuata huko nyuma. Ukiwa nacho mkononi, sura hiyo haina kazi; ukiwa huna, itakutesa bure.

Wasomaji wa Kongo, Burundi na Rwanda walio wepesi zaidi kwa Kifaransa wanaweza kutafuta tafsiri iitwayo Chroniques lunaires. Wanaopenda kusikiliza wana rekodi za Rebecca Soler, anayebadilisha sauti kwa kila mhusika. Cinder ni takriban saa 10, Winter inapita saa 20. Aliyeko Marekani au Uingereza mwenye kadi ya maktaba ajaribu Libby, programu ya kuazima vitabu vya maktaba kwa simu, kabla ya kununua. Kusikiliza kuna kasoro moja: yale madondoo ya ngano mwanzoni mwa sehemu hupita haraka. Yasikilize mara mbili.

Kumpa mtoto

Cinder inamfaa mwenye miaka 12 na kuendelea. Mapenzi yake ni ya kushikana mikono na busu. Ukali uko kwenye vifo: tauni haimhurumii mtoto, na kuanzia Scarlet kuna mateso ya kimwili yanayoelezwa bila kuficha. Fairest ni ya umri mkubwa zaidi, 15 au 16, kwa sababu kiini chake ni mtu kumlazimisha mwingine ampende kwa kuichezea akili yake, na mwandishi halisemi hilo kwa mafumbo. Kijana akikisoma, mzazi au mlezi naye akisome, wapate la kuongea.

Mkisoma kikundi

Wanne hadi sita wanatosha. Gaweni ngano badala ya kugawa sura: mmoja aje na Cinderella ya Perrault, mwingine ya Grimm, mwingine Ye Xian, na kila mmoja aisimulie kwa Kiswahili, kwa mdomo, dakika tano, bila kusoma karatasini. Kisha ndipo riwaya ifunguliwe. Wekeni mpaka wa kurasa kwa kila wiki na anayeuvuka anyamaze; mwenye mbio asiye na kifua ndiye anayeua vikundi vya aina hii.

Mkishamaliza, jaribuni kufanya alichokifanya mwandishi, kwa ngano ya kwetu. Sultani Darai inafaa sana. Edward Steere aliichapisha kwa Kiswahili na Kiingereza mwaka 1870 katika Swahili Tales, mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa Zanzibar, nayo ni jamaa wa karibu wa ile ya Ulaya ya paka mwenye viatu. Maskini anachakura jaani, anaokota thumuni, ananunua paa. Paa anaokota almasi, anaipeleka kwa sultani, anamposea bwana wake binti mfalme, anamwua nyoka mwenye vichwa saba ili bwana apate jumba. Kisha paa anaugua, na bwana anakataa hata kumjulia hali.

Andikeni mifupa yake saba: jaa, thumuni, paa, almasi, uongo wa kwamba bwana ameporwa njiani, nyoka, ugonjwa. Chagueni mji na mwaka wa mbele. Mfupa mmoja tu ndio mruhusiwe kuutupa. Mingine yote ama ibaki ama igeuzwe, na kila mliougeuza muweze kusema umegeuka kuwa nini na kwa sababu gani. Wanaoanza kwa kawaida hukosea mahali pamoja: wanageuza vitu vya nje, paa akawa droni na almasi ikawa sarafu ya kidijitali, halafu wanaiacha ile dharau ya mwisho kama ilivyo. Anzeni na dharau. Kwanza amueni kwa nini mtu aliyeinuliwa kutoka jaani anashindwa kumpa mgonjwa uji wa maana, kisha mtafute paa awe kitu gani ili dharau hiyo iume. Kurasa kumi zinatosha kwa jaribio la kwanza.